Dafina ya Doha: Historia ya kuutabiri mgandamizo wa chini ya ardhi

Minara ya West Bay, katika mji mkuu wa Qatar, imesimama kwa fedha za gesi. Lakini kabla ya gesi hiyo kuvunwa, wanadamu walilazimika kujifunza kukisia nguvu iliyofungiwa ndani ya miamba. Elimu hiyo imechukua miongo mingi na imegharimu maisha ya watu.

Katika miaka ya mwanzo ya sabini, sehemu kubwa ya eneo linalojulikana leo kwa jina la West Bay haikuwa nchi kavu. Palikuwa na maji ya kina kifupi, kaskazini mwa mji mdogo wa Doha. Katikati ya muongo huo serikali ya Qatar ilimpa kazi msanifu majengo wa Kimarekani, William Pereira, achore mpango wa mtaa mpya. Mchanga na tope vikachimbwa kutoka chini ya bahari na kumwagwa ufukweni, na mwaka 1982 hoteli ya Sheraton, yenye umbo la piramidi, ikafunguliwa kwenye ncha ya ardhi hiyo. Kwa miaka mingi ilisimama karibu peke yake. Minara ya vioo iliyoizunguka ilikuja baadaye.

Wenyeji huliita eneo hilo Al Dafna, yaani mahali palipofukiwa. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, kwani katika mzizi huohuo wa Kiarabu limetoka neno dafina, mali iliyozikwa ardhini. Na ni katika West Bay hii, juu ya ardhi iliyofukiwa, ndipo yalipo makao makuu ya QatarEnergy, shirika la taifa linalosimamia dafina kubwa zaidi ya gesi duniani.

Eneo hilo la gesi, linaloitwa North Field, liligunduliwa mwaka 1971. Gesi yake ya kwanza ilianza kuvunwa mwaka 1991, na shehena ya kwanza ya gesi iliyogeuzwa kimiminika ikaondoka kuelekea Japani mwishoni mwa mwaka 1996. Kwa nini robo karne nzima? Sababu kubwa ilikuwa soko na gharama. Hata hivyo palikuwa na swali jingine, ambalo kila mchimbaji wa mafuta na gesi hulazimika kulijibu kabla ya kuitia keekee yake ardhini: huko chini mna nguvu kiasi gani?

Masikio ya wazamiaji

Watu wa Ghuba waliujua mgandamizo wa vilindi kabla ya kuyajua mafuta. Hadi miaka ya 1920, riziki ya Doha ilikuwa lulu. Mzamiaji alijibana pua kwa kibanio, akajifunga jiwe mguuni, akashuka kwenye chaza kwa pumzi moja. Kila mita 10 za maji humwongezea mtu mgandamizo ulio sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya dunia. Masikio huuma, kifua hubanwa, na wengi wa wazamiaji hao waliishia na uziwi.

Miongoni mwao walikuwamo watumwa, na wengi wa watumwa hao, au wazazi wao, walikuwa wametekwa Afrika Mashariki na kupitishwa katika bandari za mwambao wa Waswahili. Lulu za kufugwa za Wajapani na mdororo wa uchumi wa dunia vilipoiua biashara hiyo katika miaka ya 1930, kazi iliyofuata ikawa mafuta. Kampuni iliyokuwa tawi la Iraq Petroleum Company ilianza kuchimba Dukhan, magharibi mwa Qatar, mwaka 1938, na mafuta yakapatikana mwaka uliofuata. Vita vikasimamisha shughuli, na mafuta ya kwanza hayakusafirishwa nje hadi mwisho wa mwaka 1949. Katika miaka hiyo ya mwanzo, baadhi ya vibarua waliofanya kazi katika kampuni ya mafuta walikuwa bado watumwa, na mabwana wao walichukua sehemu ya mishahara yao. Utumwa ulipigwa marufuku Qatar mwaka 1952. Leo historia hiyo inasimuliwa waziwazi katika Nyumba ya Bin Jelmood, jumba la makumbusho mjini Doha.

Mzigo unaobebwa na maji

Mzamiaji aliupima mgandamizo kwa mwili wake, lakini ndani ya mwamba hakuna mtu awezaye kushuka. Njia ya kuukisia kutoka juu ilianzia mbali na visima vya mafuta. Ilianzia Istanbul, kwenye maabara duni ya chuo cha Robert College, ambako mhandisi mzaliwa wa Prague, Karl Terzaghi, alifundisha baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Terzaghi aliukandamiza udongo wa mfinyanzi kwa vifaa alivyojitengenezea mwenyewe, akapima jinsi maji yanavyokamuliwa kutoka ndani yake. Mwaka 1925 alichapisha mjini Vienna kitabu kilichozaa sayansi mpya ya udongo.

Alichokigundua ni hiki. Uzito unaoukandamiza udongo hubebwa na wawili: chembe za udongo zinazogusana, na maji yaliyomo katika vitundu kati ya chembe hizo. Maji yakipata njia ya kutoka, chembe husogeleana na kuubeba mzigo wote. Yakikosa njia, mzigo huwaelemea maji, na mgandamizo wao hupanda. Aliyewahi kutembea kwenye tope la mikoko maji yakiwa yamekupwa anaijua hali hiyo: mguu ukitua kwa kishindo, kwa nukta moja tope hustahimili, kisha maji hukimbia pembeni na mguu huzama.

Kanuni hiyo ndiyo inayoongoza ujenzi juu ya ardhi iliyofukiwa kama ya West Bay, ambako maji yaliyonaswa katika kifusi lazima yapewe muda au njia ya kutoka kabla ya jengo kuinuliwa. Kanuni hiyohiyo hufanya kazi kilomita tatu chini ya ardhi. Mwamba ambao maji yake yanawasiliana na uso wa dunia huwa na mgandamizo wa kawaida, ambao kwa kina cha mita 3,000 ni takriban mara 300 ya ule wa hewa. Uzito wa miamba yote iliyo juu ya kina hicho ni zaidi ya maradufu ya kiasi hicho. Tope likizikwa haraka mno, au mwamba ukifunikwa kwa kifuniko kisichopitisha kitu, maji, mafuta au gesi iliyonaswa ndani huanza kuubeba mzigo usiokuwa wake. Mgandamizo hupanda kutoka kiwango cha kwanza kuelekea cha pili, na juu ya ardhi hakuna dalili yoyote inayoonekana kwa macho.

Tope dhidi ya nguvu

Silaha ya mchimbaji ni tope. Tope zito hushushwa ndani ya bomba, hutokea kwenye ncha ya keekee, hupanda likiwa limebeba vipande vya mwamba, na wakati wote huo uzito wake hukizuia kilichomo mwambani kisiingie kisimani. Tope likiwa jepesi kupita kiasi, mafuta na gesi huingia, na kisima huweza kufumuka. Likiwa zito kupita kiasi, mwamba hupasuka, tope hutorokea ndani ya nyufa, na kisima hubaki bila kinga. Mchimbaji huishi kati ya mipaka hiyo miwili, na hawezi kuikaa salama asipoijua mapema.

Mwanzoni hakuna aliyeijua. Tarehe 10 Januari 1901, huko Spindletop katika jimbo la Texas, mafuta yaliyatupa mabomba juu ya mnara na kumwagika kwa siku tisa kabla ya kisima kufungwa. Umati ulishangilia, kwani wakati huo kisima kilichofumuka kilihesabiwa kuwa bahati njema. Haikuchukua muda kabla ya watu kuona gharama yake, yaani mioto, vifo na utajiri unaomwagika bure. Katika miaka ya 1920 yakaja madini ya baraiti ya kulitia tope uzito, na mwaka 1922 James Abercrombie na Harry Cameron wa Texas wakabuni vali nzito ya kukifunga kisima mdomoni. Hata hivyo vali hutumika wakati hatari imekwisha kufika. Kuitambua hatari kabla haijafika kulibaki jambo la kubahatisha.

Somo la eneo la Ghuba lilitolewa Iran. Agosti 1956, karibu na mji mtakatifu wa Qom, wachimbaji wa kisima kiitwacho Alborz namba 5 walikuwa wakipita katika tabaka nene la chumvi. Chumvi haina vitundu na haipitishi kitu, ni kifuniko kamili. Keekee ilipoitoboa na kugusa mawe ya chokaa yaliyo chini yake, mafuta yalilisukuma nje tope lote na kufoka. Yalimwagika jangwani, makumi ya maelfu ya mapipa kila siku, kwa karibu miezi mitatu.

Ubunifu wa kusikiliza miamba

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1965. Wataalamu wawili wa kampuni ya Shell nchini Marekani, Hottman na Johnson, walichapisha utafiti kuhusu visima vya mwambao wa Ghuba ya Mexico. Wazo lao lilikuwa rahisi kulieleza. Miamba ya tope, kadiri inavyozikwa, hukamuliwa maji na kushikana, na sauti hupita ndani yake kwa kasi inayoongezeka kwa kina. Mahali ambapo kasi hiyo inaacha kuongezeka, au inapungua, pana miamba iliyobaki na maji mengi kuliko inavyostahili. Maji hayo hayakupata njia, kwa hiyo yana mgandamizo uliozidi. Kutokana na ukubwa wa tofauti hiyo, wataalamu hao waliweza kukadiria mgandamizo wenyewe.

Mwaka uliofuata, watafiti Jorden na Shirley walionyesha kwamba hata mwendo wa keekee ni ishara. Katika miamba yenye mgandamizo uliozidi, keekee huzama upesi kuliko ilivyotarajiwa, na mwenye kuuangalia mwendo huo kwa makini hupata onyo. Mwaka 1975 Ben Eaton akaandika mlinganyo mfupi uliounganisha dalili hizo, na mlinganyo huo ungali unatumiwa na wahandisi duniani kote. Mawimbi ya mtetemo yaliyokuwa yakitumwa ardhini kutafuta mafuta nayo yakaanza kutumiwa kukisia mgandamizo hata kabla ya kisima cha kwanza kuchimbwa.

Tatizo la Qatar ni kwamba elimu hiyo ilizaliwa katika tope la Ghuba ya Mexico. Gesi ya North Field imo katika miamba iitwayo Khuff, ambayo ni mawe ya chokaa na dolomiti yenye umri wa takriban miaka milioni 250. Chokaa haifuati tabia ya tope. Maji yaliyopita ndani yake zamani yaliyeyusha sehemu moja na kuigandisha nyingine, kwa hiyo vitundu vyake huwa vingi au vichache bila kuujali uzito ulio juu. Ndani ya chokaa, sauti inayopungua kasi inaweza kumaanisha mgandamizo uliozidi, au isimaanishe chochote. Aidha, gesi ni nyepesi kuliko maji. Inapojaa katika kuba refu la mwamba, mgandamizo wa kileleni hubaki karibu sawa na ule wa chini, na keekee inayofika kileleni hukutana na nguvu kubwa kuliko ile ambayo kina chenyewe kingeashiria. Isitoshe, gesi hiyo imechanganyika na sulfidi ya hidrojeni, ambayo kiasi kidogo tu chake huua.

Hapo hapakuwa na njia ya mkato. Palihitajika visima vya tathmini, vipimo vya moja kwa moja ndani ya mwamba, na kumbukumbu za kila kisima kutunzwa kwa ajili ya kinachofuata. Ilichukua miaka 14 na visima 15 vya tathmini kabla ya ukubwa wa North Field kufahamika.

Mwaka ambao Qatar ilisita

Kufikia mwaka 2005 Qatar ilikuwa imejiwekea mpango wa kuwa muuzaji mkuu wa gesi ya kimiminika duniani, na wawekezaji walipanga foleni. Katika mwaka huohuo serikali ikatangaza kusimamisha miradi yote mipya ya North Field, isipokuwa ile iliyokwisha kuidhinishwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba wataalamu walihitaji kuchunguza jinsi uvunaji wa haraka ulivyokuwa ukiathiri hifadhi yenyewe.

Katika hatua hii swali la mgandamizo liligeuka sura. Kabla ya kisima kuchimbwa, mgandamizo ni hatari. Baada ya kuchimbwa, ndio unaoisukuma gesi hadi juu bila kugharimu kitu. Kila shehena inayoondoka bandarini hupunguza nguvu ya ile inayobaki. Na mwamba ulioanza kutolewa gesi huwa mgumu zaidi kutabirika, kwani tabaka moja huwa limeshuka mgandamizo na jirani yake bado halijashuka, na tope linalolitosha la pili huweza kulipasua la kwanza.

Usitishaji huo, uliotarajiwa kudumu miaka michache, uliendelea kwa miaka 12. Miradi iliyokwisha kuidhinishwa iliiwezesha Qatar kufikia uwezo wa tani milioni 77 kwa mwaka mnamo Desemba 2010. Aprili 2017, Saad al-Kaabi, aliyekuwa mkuu wa shirika lililoitwa Qatar Petroleum wakati huo, alitangaza mjini Doha kwamba kizuizi kimeondolewa. Uchunguzi haukukoma hapo. Februari 2024 shirika hilo, ambalo tangu mwaka 2021 linaitwa QatarEnergy, lilitangaza kwamba visima vya tathmini upande wa magharibi vimethibitisha nyongeza ya futi za ujazo trilioni 240 za gesi.

Katika kipindi hichohicho cha kungoja, dunia ilionyeshwa upande wa pili wa shilingi. Katika kisima cha Macondo, Ghuba ya Mexico, kampuni ya BP ililazimika kuacha kuchimba kabla ya kufikia kina kilichopangwa, kwa kuwa nafasi kati ya mgandamizo wa mwamba na kikomo cha kupasuka kwake ilikuwa imekwisha. Wahandisi walikuwa wameliona hilo na kulipima. Tarehe 20 Aprili 2010 jaribio la kuhakikisha kuwa kisima kimezibwa lilitoa dalili mbaya, na dalili hiyo ikatafsiriwa vibaya. Usiku huo mtambo wa Deepwater Horizon uliripuka. Watu 11 walikufa, na mafuta yakamwagika kwa siku 87. Ghuba ya Mexico ndiko elimu ya kutabiri mgandamizo ilikozaliwa, na hapakukosekana vipimo. Kilichokosekana ni utayari wa kuviamini na kusimama.

Gesi haina pasipoti

Qatar haikuwa peke yake juu ya hifadhi hiyo. Kuba la North Field linavuka mpaka wa bahari hadi Iran, ambako linaitwa South Pars. Iran ilithibitisha sehemu yake mwaka 1990 na kuanza kuvuna mwaka 2002. Gesi huelekea mahali penye mgandamizo mdogo, kwa hiyo kila upande una sababu ya kuchunga vipimo vya mwenzake. Mvunaji mwenye haraka anaweza kuivutia kwake gesi ya jirani, lakini pia anaweza kuichosha hifadhi ambayo wote wawili wanaitegemea.

Dalili za uchovu zimejitokeza pande zote mbili. Maofisa wa Iran wamesema hadharani kwamba mgandamizo wa South Pars unashuka, na Machi 2025 nchi hiyo ilitia saini mikataba ya takriban dola bilioni 17 ya kuweka mitambo ya kuongeza nguvu ya gesi. Qatar nayo tangu mwaka 2022 imetoa kandarasi za majukwaa makubwa ya baharini ya kazi hiyohiyo. Nguvu ambayo hapo awali ardhi iliitoa bure sasa inanunuliwa.

Mafunzo kwa mwambao wa Afrika Mashariki

Kwa Waswahili historia hii si ya watu wa mbali. Gesi ya Songo Songo, katika wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, miaka mitatu tu baada ya North Field, na ilianza kuzalisha umeme mwaka 2004. Tangu mwaka 2010 gesi nyingi zaidi imegunduliwa katika bahari kuu mbele ya Lindi na Mtwara, katika maeneo yaliyopewa majina ya viumbe wa baharini na viungo: Pweza, Chewa, Jodari, Zafarani, Tangawizi. Sehemu za bahari hiyo zina kina cha zaidi ya mita 2,000.

Na hapo ndipo somo la mgandamizo linapokuwa zito. Katika bahari ya kina hicho, sehemu kubwa ya kinachokandamiza mwamba ni maji, ambayo ni mepesi kuliko mawe. Mwamba hupasuka kwa urahisi zaidi, na nafasi aliyonayo mchimbaji kati ya tope jepesi mno na tope zito mno huwa finyu kuliko nchi kavu. Visima vilivyochimbwa na BP na Shell katika Zanzibar, Pemba na Mafia miaka ya hamsini na sitini havikuleta utajiri wowote, na wengi wamevisahau. Hata hivyo kumbukumbu zake, za kina, aina ya miamba na uzito wa tope, ni mali kwa kila atakayechimba tena mwambao huo, kama vilivyokuwa visima 15 vya North Field kwa Qatar.

Tanzania imekuwa ikijadiliana na makampuni ya kigeni kwa zaidi ya muongo mmoja kuhusu mtambo wa kuigeuza gesi hiyo kimiminika, na katika mijadala hiyo swali linalosikika zaidi ni la kiasi cha gesi na mgawo wa mapato. Mjini Doha, mwaka 2005, waliokuwa na gesi nyingi kuliko mtu yeyote waliuliza pia itatoka kwa nguvu gani na nguvu hiyo itadumu miaka mingapi. Walikubali kungoja miaka 12 ili wajibiwe.